Balasaraswati: Ngoma ya hekaluni ilipokatazwa, yeye aliendelea kucheza

Msikilizaji aliyewahi kupita mtaa wa Kisutu, katikati ya Dar es Salaam, ameyaona mahekalu ya dini ya Kihindu yakiwa karibu karibu. Zinapofika siku tisa za sherehe ya Navaratri, waumini hukusanyika usiku na kucheza kwa kuzunguka, wengine wakigonganisha vijiti. Hiyo ni ngoma ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Ililetwa na watu wa Gujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindi wa Tanzania.

Lakini ipo ngoma nyingine, na hiyo si ya kila mtu. Mchezaji husimama peke yake, njuga miguuni, magoti yamekunjwa, na kwa vidole, macho na uso wake husimulia habari za miungu. Inaitwa bharatanatyamu, na asili yake ni kwa Watamil, kusini mwa India. Siku hizi wazazi wanalipa ada ili mabinti zao wafundishwe, na binti akiicheza kwenye sherehe, ukoo mzima hujaa fahari.

Miaka mia moja iliyopita mambo yalikuwa kinyume. Familia iliyojiheshimu haikukubali binti yake aicheze. Ili kueleza mambo yalivyogeuka, leo tunasimulia maisha ya mwanamke mmoja, Balasaraswati.

Alizaliwa kwenye ukoo wa wasanii

Balasaraswati alizaliwa tarehe 13 Mei 1918 katika mji wa Madras, ambao leo unaitwa Chennai. Bibi yake, Dhanammal, alikuwa mpiga vina hodari, na vina ni chombo cha nyuzi kinachoheshimiwa sana huko. Mama yake, Jayammal, alikuwa mwimbaji.

Ukoo huo ulitoka katika jamii ya devadasi, maana yake watumishi wa kike wa Mungu. Tangu zamani, binti wa jamii hiyo aliwekwa wakfu hekaluni na kuhesabiwa kuwa ameolewa na mungu wa hekalu. Kwa kuwa mume wake hafi, hakuweza kuitwa mjane, na kuwapo kwake kwenye sherehe kulihesabiwa kuwa baraka. Alijifunza kuimba, kucheza na mara nyingi kusoma, wakati ambapo wanawake wengi hawakupata nafasi hiyo. Mahekalu mengine yaliwapa ardhi ya kuwatunza.

Upande wa pili haukuwa mzuri. Wengi waliishi kwa kutegemea wanaume matajiri bila ndoa ya kawaida, na wapo mabinti waliotolewa wakiwa wadogo bila kuulizwa. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, chini ya utawala wa Waingereza, ilianza kampeni ya kuipinga desturi hiyo. Mmoja wa waliosimama mbele baadaye ni daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake mwenyewe alitoka katika jamii ya devadasi. Alitaka kuwaokoa watoto wa kike. Lakini katika vita hivyo ngoma yenyewe nayo ikapakwa matope, na jina la devadasi likawa tusi.

Miaka saba, mbele ya mungu

Katika hali hiyo, kumfundisha mtoto ngoma ilikuwa kama kumtafutia aibu. Hata ndani ya ukoo walikuwapo wenye wasiwasi, lakini mama yake alisimama naye. Mtoto akapelekwa kwa mwalimu Kandappa, mtu mkali asiyekubali kosa hata dogo.

Mwaka 1925, akiwa na miaka saba, Balasaraswati alicheza mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika hekalu la mji wa Kanchipuram. Mwaka 1934 alicheza Calcutta, mbali kabisa na kusini, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona ngoma hiyo.

Miaka hiyohiyo, watu wa matabaka ya juu nao walianza kuitaka. Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la Wabrahmini, aliicheza hadharani mwaka 1935, na mwaka 1936 alianzisha shule iliyokuja kujulikana kwa jina la Kalakshetra. Yeye alisaidia sana kuirudishia ngoma heshima. Hata hivyo, alipunguza sehemu zinazoonyesha mapenzi ya mwanamke na mpenzi wake.

Balasaraswati hakukubaliana na jambo hilo. Kwake yeye, mwanamke anayemngoja mpenzi wake ni mfano wa roho inayomtamani Mungu, na ukiyaondoa mapenzi hayo umeondoa ibada. Hakuona kitu chochote cha kusafishwa katika urithi wa mama zake.

Mlango unafungwa

Mwaka 1947 jimbo la Madras lilipitisha sheria. Ilikataza kuwaweka mabinti wakfu hekaluni, na pia ikawakataza wanawake kucheza ngoma ndani ya eneo la hekalu. Mabinti wadogo walipata kinga. Wanawake watu wazima waliokuwa wakiishi kwa sanaa hiyo walipoteza kazi na mahali pao.

Balasaraswati naye alipita kipindi kigumu. Mwalimu wake alifariki mwaka 1941, moyo wake ulikuwa na maradhi, na mialiko ilipungua. Inasimuliwa kwamba siku moja, kwa kukata tamaa, alikwenda hekalu la Tiruttani, akamwomba kuhani amruhusu, na akacheza peke yake mbele ya mungu, milango ikiwa imefungwa.

Baadaye mambo yalibadilika. Miaka ya 1950 alikuwa akifundisha Madras, na mwaka 1955 alipata tuzo ya taifa ya sanaa. Mwaka 1961 alicheza Tokyo, na mwaka 1962 alikwenda Marekani, ambako alicheza na kufundisha kwa miaka mingi. Mwaka 1976 Satyajit Ray, mtengenezaji filamu maarufu wa India, alitoa filamu kuhusu maisha yake.

Mwaka 1975, katika hotuba huko Madras, alieleza kwamba onyesho la bharatanatyamu limejengwa kama hekalu. Mchezo wa kwanza ni lango kubwa la nje. Inayofuata ni kumbi, moja baada ya nyingine. Kisha mchezaji anaingia chumba cha ndani kabisa, penye utulivu, ambapo miguu inatulia na uso na mikono ndivyo vinavyosema. Sheria ilimtoa hekaluni, lakini hekalu alikuwa nalo mwilini.

Alifariki tarehe 9 Februari 1984, akiwa na miaka 65.

Kwa nini habari hii inatuhusu

Sisi wa pwani tunaye Siti binti Saad wa Fumba, Unguja. Alidharauliwa kwa umaskini na kwa asili yake ya utumwa, hadi sauti yake iliporekodiwa Bombay mwaka 1928 na wale waliomcheka wakanunua santuri zake. Na hata leo, Temeke au Kinondoni, binti anayejua kucheza husifiwa ukumbini usiku na kuitwa mhuni asubuhi.

Kuwalinda watoto wa kike ni wajibu, na walioipigania sheria ile walikuwa na sababu nzito. Lakini sanaa ilipopata heshima, wanawake walioitunza hawakupata heshima ile kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo ukimwona binti amefunga njuga kwenye sherehe ya hekalu, jua kwamba hatua zake zilipitia miguu ya wanawake ambao majina yao yaligeuzwa tusi. Mmoja wao alikataa kuyaonea haya.