Mwenye Sharubu Aliyeinyoa Dunia

Nyumbani kwetu Msambweni kuna mashine ya kunyolea ambayo umri wake wanishinda mimi, na mimi hamsini nimekwisha kuzipita. Ni ya vipande vitatu: kifuniko, sahani yenye meno, na mpini wa kuzungusha. Rangi ya fedha imebanduka, jina la aliyeitengeneza limefutika kwa kushikwa, na neno lililobaki ni moja tu, Germany. Watoto wa ukoo wetu wamenyolewa nywele za akika kwa mashine hiyo, siku ya saba, nywele zikapimwa na uzani wake wa fedha ukatolewa sadaka.

Na kila akika ami yangu huwahadithia wageni kwamba babu yetu alichukuliwa uchukuzi katika vita vya mwaka 1914, Wajerumani walipoingia kwa njia ya Vanga wakafika mpaka Gazi, na kwamba mashine ile aliitoa katika mkoba wa afisa wa Kijerumani. Hadithi nzuri. Nimeisikia tangu sijaenda chuoni kusoma juzuu ya kwanza. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja akauliza kama kuna ushahidi, na ami akanigeukia mimi, eti mwandishi ndiye ajuaye. Basi ikanibidi nimtafute kwanza mwenye asili ya chombo chenyewe.

Mtu huyo ni King Camp Gillette, Mmarekani, aliyezaliwa tarehe 5 Januari 1855 katika mji wa Fond du Lac, jimbo la Wisconsin. Hilo King ni jina tu, ufalme hakuwa nao. Wazazi wake walihamia Chicago wakafanya biashara ya vyombo vya chuma, na moto mkuu wa mwaka 1871 ukaiteketeza yote. Kijana akawa mchuuzi wa kusafiri, leo mji huu kesho ule. Baadaye akaajiriwa na William Painter, yule aliyevumbua kizibo cha bati cha chupa, hiki hiki tunachokibandua kwenye soda. Painter alimshauri atafute kitu ambacho mtu hukitumia mara moja akakitupa, kisha arudi dukani kununua kingine.

Lakini kabla ya kukipata alikuwa na ndoto nyingine, nayo ndiyo iliyonishangaza. Mwaka 1894 alitoa kitabu akitaka ushindani wa biashara ukomeshwe kabisa, kazi zote ziwe za kampuni moja ya watu wote, na wananchi wakae katika mji mmoja mkubwa unaopata umeme kutoka maporomoko ya Niagara. Tajiri wa kesho alikuwa akihubiri kuondolewa kwa matajiri! Wala hakuiacha fikra hiyo alipotajirika. Mwaka 1910 alimwahidi Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, dola milioni moja aje aiongoze kampuni hiyo ya dunia. Roosevelt akakataa.

Wembe wenyewe ulimjia mwaka 1895, asubuhi moja alipokuwa akijinyoa kwake karibu na Boston. Wembe wa zama zile ulikuwa kisu kinene cha kukunja, cha kunolewa kwa ukanda wa ngozi, na chake siku hiyo kilikuwa butu hata ukanda haukufaa. Akaona kwa macho ya moyo bati jembamba la chuma, kali pande mbili, lililobanwa kwenye mpini. Mafundi wakamwambia chuma chembamba namna hiyo hakinoleki. Miaka sita akahangaika, mpaka fundi William Nickerson alipoiweza kazi. Mwaka 1903 ziliuzwa mashine 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zikapita 90,000, naye akapewa hati ya uvumbuzi tarehe 15 Novemba 1904. Katika vita vile vile vya ami yangu, serikali ya Marekani iliwanunulia askari wake mashine milioni tatu na nusu. Sura ya Gillette ilichapwa kwenye kila pakiti ya nyembe, nayo ilikuwa na sharubu nene!

Sasa nirudi kwenye mashine yetu. Wembe wa kwanza wa Gillette ulikuwa na matundu matatu ya duara, na kifuniko chake kilikuwa na vipini viwili vya kuingia humo, parafujo ikipita katikati. Hati yake ya Marekani iliisha mwaka 1921, wengi wakaiga. Ukaja ugomvi na tajiri mwenzake, Henry Gaisman, juu ya wembe mpya wenye ufa mrefu katikati; ugomvi ukaishia kampuni mbili kuunganishwa, na wembe wa ufa ukatoka mwaka 1930. Gillette alikuwa ameshapoteza mali nyingi katika anguko la hisa. Alikufa California tarehe 9 Julai 1932, karibu ya kufilisika.

Kifuniko chetu hakina vipini viwili. Kina mgongo mrefu, nao hauingii ila kwenye wembe wa ufa. Afisa aliyepigana hapa Gazi mwaka 1914 hangeweza kuwa nacho.

Nilikaa siku tatu bila kusema. Ya nne, baada ya alasiri, nikamweleza ami kwenye baraza, kipande kwa kipande. Alikishika kifuniko, akakipitishia kidole ule mgongo, akauliza huyo Mmarekani aliacha kiasi gani. Nikamwambia kidogo. Akasema basi babu yetu atakuwa aliinunua Mombasa kwa fedha zake, naye fedha alikuwa hana, kwa hiyo aliipenda sana.

Ijumaa ijayo tuna akika Diani. Ami ameifunga mashine katika kitambaa chake, akanipa niichukue, na akaagiza kwamba safari hii wageni nitawahadithia mimi.