Shaaban Robert: Karani Aliyewaandikia Baba na Mwana

Wako watu ambao kazi yao ya mshahara husahauliwa siku ile ile wanapoondoka ofisini, lakini kazi waliyoifanya jioni, kwa mwanga wa taa na kwa gharama yao wenyewe, hudumu hata wajukuu wakaikuta. Mmoja wa watu hao ni marehemu Sheikh Shaaban Robert. Kwa mwajiri wake alikuwa karani. Kwa sisi wasomaji alikuwa mshairi, mwandishi wa hadithi na mwalimu wa watoto na wazee kwa pamoja. Yafaa kila mfanyakazi ayajue maisha yake, kwa kuwa yalikuwa maisha ya mfanyakazi.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga. Wazee wake walikuwa na asili ya Kiyao, watu wa bara. Yeye mwenyewe alijihesabu Mswahili na akaona fahari kuwa hivyo. Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Siku hizo shule za Waafrika zilikuwa chache, na waliofika mwisho wa masomo walihesabika kwa vidole: katika mtihani wa kumaliza alikuwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata hati. Juu ya hapo hapakuwa na ngazi nyingine ya kupanda. Mwaka 1926 aliingia katika Idara ya Forodha akiwa karani, akaanza kazi Pangani.

Alikaa katika forodha mpaka mwaka 1944. Kisha akahamishiwa Idara ya Wanyama, akapelekwa Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 alirudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na tangu 1952 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Hiyo ndiyo orodha yote ya vyeo vyake serikalini. Kila msomaji aliyepata kuhamishwa kituo, akafunga mizigo na kuianza nyumba upya ugenini, atayatambua maisha hayo bila kufafanuliwa.

Lakini upande wa pili wa daftari lake wataka kusomwa polepole. Alipofiwa na mkewe, Amina, aliachwa na watoto wadogo wasio na mama. Katika kuwafikiria hao aliandika tenzi mbili za mawaidha, moja kwa ajili ya binti yake na moja kwa ajili ya mwanawe. Aliwaeleza namna ya kuishi na watu, kufanya kazi, kuheshimu wakubwa na kujiheshimu. Tenzi hizo zilitoka katika nyumba moja zikaingia katika nyumba nyingi, maana kila mzazi aliyezisoma aliona zimesema aliyotaka kuwaambia wanawe mwenyewe. Hapo yaonekana desturi iliyoongoza uandishi wake wote: alipomwandikia mtoto hakupunguza maana, na alipomwandikia mtu mzima hakumfungia mtoto mlango.

Tazama kitabu chake Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Asili ya hadithi ile ni masimulizi ya Alfu Lela U Lela, nayo ina kila kitu kinachomfurahisha mtoto: safari za majini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, jini mwenye huruma, na manyani wawili wanaopigwa mijeledi kila usiku na mtu ambaye huwalilia baada ya kuwapiga. Manyani hao ni ndugu zake mwenyewe, waliogeuzwa kwa sababu ya hasidi na wivu. Mtoto husoma apate kujua kama watarudi kuwa watu. Mtu mzima husoma jambo jingine katika kurasa zile zile. Huona habari ya liwali mwadilifu na mfalme anayetaka kujua ukweli kabla ya kuhukumu. Huona pia maumivu ya ndugu anayelazimika kuwaadhibu nduguze, na msamaha unaokuja baada ya adhabu. Nani katika ukoo wake hajapata kuona ugomvi wa mali baina ya ndugu? Kwa hiyo kitabu kile kilisomwa shuleni na vizazi vya wanafunzi, na wazazi wao hawakuona haya kukichukua mezani na kukisoma.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1951, kilitoka Kusadikika, nchi iliyo angani. Humo kijana Karama ashitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Katika utetezi wake awakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta maarifa ya kuifaa nchi yao, wakarudi nayo, kisha malipo yao yakawa kifungo. Msomaji mdogo hupata safari sita za ajabu. Msomaji mkubwa wa Tanganyika ya mwaka 1951 alielewa upesi kwamba nchi ile haikuwa angani sana. Serikali ya kikoloni ilikuwa ingali madarakani, na mwandishi alikuwa mtumishi wake aliyekula mshahara wake. Lau angeyasema yale waziwazi, angeipoteza kazi yake. Aliyavika vazi la ngano, yakapita. Huo ndio ushujaa wa karani: hana bunduki wala jukwaa, bali ana kalamu, na anajua kuitumia pasipo kuivunja.

Pamoja na hadithi hizo aliandika habari za maisha yake mwenyewe, akamwandikia mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, wasifu uliotoka mwaka 1958, na akatunga utenzi wa vita vya 1939 hadi 1945 wenye beti kama 3,000. Alikuwa mjumbe katika kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Alipata nishani ya ukumbusho wa Margaret Wrong kwa uandishi wake, na nishani ya MBE kutoka kwa Waingereza.

Nishani, hata hivyo, hazipigi chapa kitabu. Hili ndilo jambo linalotupasa tulitafakari. Kufikirika, hadithi ya mfalme aliyetaka mrithi, ndani yake yumo mwalimu anayetaka mtoto wa mfalme asome na pia acheze. Iliandikwa mwaka 1946, lakini haikutoka mpaka 1967. Miaka 21 ilipita, na mwenyewe alikuwa kaburini kwa muda wa miaka mitano. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, hadithi zake za watu wa siku hizi, zilitoka mwaka 1968. Utenzi wa vita nao ulingoja mpaka 1967. Milango ya wapiga chapa ilikuwa mikononi mwa wengine, na mwandishi Mwafrika aliyetumia lugha ya Kiafrika alibisha akingoja hisani yao. Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru, akiwa na umri wa miaka 53, na sehemu kubwa ya kazi yake ingali katika karatasi za mkono. Akazikwa Machui alikozaliwa.

Je, kazi ya mtu wa pwani ya Tanga yamhusu nini mkulima wa milima ya Mwese, upande wa pili wa nchi, baina ya Mpanda na Ziwa Tanganyika? Yamhusu sana. Katika miaka ya 1960, miaka ile ile ambayo vitabu vya marehemu vilikuwa vikitoka chapa, Mwese ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda, wakapewa ardhi wailime. Walikuja na Kinyarwanda, wakawakuta wenyeji wenye lugha zao. Hakuna kati yao aliyezaliwa katika nyumba ya Kiswahili, na wote walihitaji Kiswahili sokoni, mahakamani, zahanati na shuleni. Mwaka 1967 Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Miaka ya 1970 ikafuata na kampeni za elimu ya watu wazima nchini kote. Katika mahali kama Mwese, baba na mwana waweza kuwa wanafunzi wa lugha moja kwa wakati mmoja: mwana darasani asubuhi, baba katika kisomo jioni. Baba hawezi kufurahishwa na kitabu cha kitoto, na mwana hawezi kukimaliza kitabu kigumu. Wahitaji kitabu kimoja kitakachowaheshimu wote wawili, na vitabu vya namna hiyo ni vichache katika lugha yoyote.

Mjukuu wa Wayao aliyekifanya Kiswahili chake alionyesha pia kwamba lugha hii haiulizi mtu babu yake alitoka wapi. Mwenye kuitumia vizuri ndiye mwenyewe. Watoto wa Mwese, ambao leo wamo katika Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012, wana haki nayo sawasawa na mtoto wa Tanga.

Wapo wanaosema kwamba lugha yake ni nzito kwa vijana, na kwamba wahusika wake wengi ni wema mno au wabaya mno. Hoja hiyo ina ukweli. Majina yake yenyewe, Adili, Majivuno, Hasidi, yamkata msomaji asiyependa kufundishwa. Lakini uzito wa maneno ndio ulioyahifadhi maneno mengi yasipotee, na mtoto anayekutana na neno asilolijua akamwuliza mzazi wake, tayari amefungua mazungumzo ndani ya nyumba.

Basi, ndugu msomaji, heshima impasayo marehemu haitatimizwa kwa kuita barabara jina lake. Itatimizwa mfanyakazi apokeapo mshahara, akatenga shilingi za kitabu kabla hazijaisha, akakifikisha nyumbani, akakisoma kwa sauti ili na wadogo wasikie. Tena, huenda katika ofisi, bandari au shamba yumo leo karani mwingine anayeandika usiku, na karatasi zake zajaa sandukuni. Wenye mitambo ya chapa na wenye madaraka ya elimu wasimngojeshe miaka 21.