Joseph Kasa-Vubu: Kutoka Komini Mpaka Kiti cha Rais

Vijana wetu wa Kazimia, Baraka na Fizi wanajua habari za Lumumba. Rais aliyekuwa juu yake hawamjui sana, ingawa maamuzi yake yalifika mpaka kwenye ziwa letu.

Joseph Kasa-Vubu alizaliwa Mayombe, magharibi mwa Kongo, yapata mwaka 1915. Alisoma seminari ya Kikatoliki, lakini hakufikia upadri. Alikuwa mwalimu, kisha karani wa fedha katika serikali ya wakoloni huko Léopoldville, leo Kinshasa. Tangu 1954 aliongoza ABAKO, chama cha Wabakongo.

Desemba 1957 wakaaji weusi wa Léopoldville walipiga kura ya komini kwa mara ya kwanza. Kasa-Vubu akawa burgumesta wa Dendale. Alipoapishwa, Aprili 1958, alitumia nafasi ile ndogo kudai jambo kubwa: uchaguzi wa nchi nzima na Wakongo kujitawala. Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa ABAKO ulikatazwa, watu wakaasi, wengi wakauawa. Yeye alifungwa. Siku chache baadaye Ubelgiji ikaahidi uhuru.

Juni 1960 Bunge lilimchagua kuwa Rais wa kwanza. Septemba alimwondoa Lumumba katika uwaziri mkuu. Januari 1961 wakuu wa Léopoldville walimpeleka Lumumba Katanga, mikononi mwa adui zake, akauawa. Kasa-Vubu alibaki kitini.

Wakati wa maasi ya 1964 alimpa Tshombe uwaziri mkuu, naye Tshombe akaleta askari wazungu wa kukodiwa. Mwaka 1965 walishuka Baraka kwa njia ya ziwa, wakapanda mpaka Fizi. Wazee wetu waliokimbilia porini hawahitaji kitabu kuwakumbusha. Oktoba mwaka ule Kasa-Vubu alimfukuza Tshombe, na huko Accra akaahidi kuwarudisha askari hao makwao. Kwetu damu ilikuwa imekwisha kumwagika.

Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alimpindua. Kasa-Vubu hakuwaita Wabakongo wampiganie. Alirudi Mayombe kwenye shamba lake, akafa Boma tarehe 24 Machi 1969. Komini ya Dendale leo inaitwa kwa jina lake.

Nabii Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli, akawataka watu washuhudie kama aliwahi kumdhulumu mtu. Kasa-Vubu angeulizwa hivyo, juu ya kuacha kiti bila vita angejibu bila kuinamisha kichwa. Juu ya Lumumba na wafu wa Baraka, jibu lingekuwa zito.

Tuwaombee viongozi wetu, kuanzia chifu wa kijiji mpaka Rais. Na anayekuja kutafuta kura Kazimia tumwulize mapema: saini yako itamlinda nani, na siku ya kuondoka utaondokaje? Bwana atusaidie.