Sheikh Al-Amin: Kadhi aliyetaka Mombasa isome na kuelewa

Kuna kisa kinachowapata watahiniwa wengi. Unasoma kifungu cha ufahamu mara moja, unarudia mara ya pili, macho yamefika mwisho wa ukurasa, lakini ukiulizwa kimesema nini, huna jibu. Maneno umeyapitia yote, maana imekupita kando. Kijana anayeitaka kozi ya udaktari anaujua uchungu huo zaidi, maana Bayolojia na Kemia pekee hazitoshi. Kiingereza au Kiswahili nacho huangaliwa, na hata swali la Bayolojia lenyewe ni lazima ulielewe kwanza ndipo ulijibu.

Karibu miaka mia moja iliyopita, hapa kisiwani Mombasa, alikuwapo mtu aliyeliona tatizo hilo hilo, ila yeye aliliona kwa mji mzima. Jina lake Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Kama jina la Mazrui limekukumbusha Profesa Ali Mazrui, hujakosea. Huyo ni mwanawe, na tutamfikia.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891. Ukoo wake uliwahi kuutawala mji huu hadi 1837, Seyyid Said alipowaondoa madarakani, na baada ya hapo wengi wao walijulikana kwa elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye akasoma pia kwa maulamaa wa Unguja, miongoni mwao Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Enzi hizo kijana wa pwani akitaka elimu ya juu ya dini, Unguja ndiko kulikokuwa chuo kikuu chake.

Hebu tusimame kidogo hapa, tuone walikuwa wakisomaje, kwa sababu watahiniwa wa leo wana la kuiba. Kwenye darsa mwanafunzi hakukimbizana na kurasa. Kitabu kilisomwa kwa sauti, sentensi kwa sentensi. Mwalimu alisimamisha: neno hili lina maana gani? Limetokana na nini? Kwa nini limekaa hapa na si pale? Halafu maana yote ikaelezwa kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani, ndipo wakasonga mbele. Kitabu kimoja kingeweza kuchukua miezi na miezi. Ni polepole mno kwa kizazi chetu cha simu, najua, lakini aliyemaliza kitabu hivyo hukuweza kumbabaisha kwa swali.

Shida ni kwamba waliofika kwenye darsa kama hizo walikuwa wachache. Mtoto wa kawaida aliingia chuoni, akafundishwa herufi za Kiarabu, akahitimu msahafu, akatoka. Kutamka alijua vizuri sana. Kuelewa kile anachokitamka lilikuwa jambo jingine. Na wakati huo mji ulikuwa unabadilika mbele ya macho yao. Waingereza walitangaza himaya yao mwaka wa 1895, mwaka uliofuata ujenzi wa reli ukaanza kutoka hapa Mombasa kwenda bara, na kazi za afisini zikawa za watu waliosoma shule za kizungu. Wazazi wengi Waislamu waliziogopa shule za misheni, wakihofia watoto kubadilishwa dini. Matokeo yake vijana wao wakabaki nyuma, na pengo likawa linapanuka kila mwaka.

Sheikh Al-Amin naye alikuwa msomaji asiyeshiba. Jarida la Al-Manar, lililotoka Cairo chini ya Rashid Rida, lilikuwa likimfikia, na humo alisoma hoja kwamba Waislamu wanaweza kuchukua elimu ya kisasa bila kuitupa dini yao. Mtu mwingine angeyasoma hayo akakaa nayo barazani na maulamaa wenzake. Yeye aliwaza juu ya mvuvi, mwenye duka na fundi. Hawa hawakijui Kiarabu. Lakini, kumbe, herufi zake wanazijua, maana wamepita chuoni! Basi ukiwaandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, watasoma, na safari hii wataelewa.

Ndivyo lilivyozaliwa gazeti la Sahifa mwaka wa 1930. Usidhani ni gazeti kama haya tuliyozoea. Ilikuwa karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono, kisha ikatolewa nakala. Mwaka wa 1932 likafuata Al-Islah, lililochanganya Kiswahili na Kiarabu. Hakuna lililodumu miaka mingi. Lakini ebu fikiria kazi yenyewe. Kila toleo alilazimika kuchukua mawazo mazito aliyoyasoma kwa Kiarabu, kuyaelewa mpaka ndani, kisha kuyaeleza upya kwa Kiswahili chepesi, tena kwenye nafasi finyu ya karatasi. Aliyekalia mtihani wa KCSE anaijua kazi hiyo kwa majina mawili: ufahamu na ufupisho. Sheikh aliifanya bila mtu wa kumsahihishia, na msomaji wake angemwacha solemba mara tu asipoelewa.

Aliandika nini? Aliwahimiza watu wake wasomeshe watoto, wajifunze biashara na kazi za mikono, waache kufuja mali kwenye sherehe. Alikereka sana na uigaji wa kijinga. Kwa maoni yake, watu walikuwa wakiiga mavazi na starehe za Wazungu huku wakiyaacha yale yaliyowapa Wazungu nguvu, yaani elimu na bidii. Kijana wa leo akimsoma atanuna mahali fulani, sitaficha. Alikuwa mkali kwa vijana, na alizungumza zaidi na Waarabu na Waislamu wa pwani kuliko na Wakenya wote. Hata hivyo, hoja yake kuhusu kuiga ganda na kuacha kiini bado inauma. Makala hayo ya gazetini yalikusanywa na kutolewa kama kitabu, Uwongozi, mwaka wa 1944.

Mwaka wa 1932 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi ya mahakama ilimmeza, ila hakuacha kufundisha. Alianzisha madrasa ya Al-Ghazali hapa Mombasa, na kwa ajili ya watoto akaandika Hidayatul Atfal, kitabu cha mafunzo ya dini kwa Kiswahili, ili mtoto asikremu tu kitu asichojua maana yake. Akaanza pia kuitafsiri na kuifafanua Kurani kwa Kiswahili. Hiyo hakuimaliza. Alifariki Aprili 1947. Sehemu ya tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka wa 1980 kwa juhudi za mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye aliwahi kuwa Kadhi Mkuu.

Sasa tumrudie yule mwana. Ali Mazrui alikuwa na miaka 14 babake alipofariki. Mzee alikuwa amepanga kumpeleka Al-Azhar, Cairo, akawe mwanachuoni kama yeye. Mpango huo ukafa naye. Halafu Ali akakalia mtihani wa Cambridge wa kumaliza shule, akaboronga. Alipata daraja la tatu, na Makerere, chuo cha juu ambako madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa wakifunzwa, hakikumchukua. Hebu vaa viatu vyake: mtoto wa Kadhi Mkuu, mwandishi wa kitabu cha kuwahimiza watu wasome, amefeli na mji mdogo wote unajua.

Alipata kazi ya ukarani katika taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kama MIOME, pale Tudor, ambayo siku hizi ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hakuacha kusoma wala kuzungumza hadharani. Hotuba yake moja katika sherehe za Maulidi ilimvutia Gavana Philip Mitchell, na hatimaye akapata ufadhili wa kwenda Uingereza. Ilibidi kwanza arudi kwenye masomo ya kiwango cha sekondari, huko Huddersfield, akiwa mtu mzima. Shahada ya kwanza aliipata Manchester mwaka wa 1960, ya pili Columbia, Marekani, mwaka uliofuata, na ya uzamifu Oxford mwaka wa 1966. Kufikia hapo tayari alikuwa akifundisha Makerere, chuo kile kile kilichomkataa, na huko akawa profesa.

Profesa Ali alifariki Marekani mwaka wa 2014. Mwili ukaletwa nyumbani Mombasa, akazikwa kwenye makaburi ya Wamazrui, hatua chache kutoka Fort Jesus.