Imam Shafi: Yatima Aliyekumbuka Alikotolewa



Ndugu wanafunzi na wazee wetu, vitabu vya fiqhi tunavyosomeshwa chuoni ni vya madhehebu ya Imam Shafi (R.A.), madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao wetu. Kunuti tunayosoma kila alfajiri tumeipokea kwa njia yake. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua kwamba Imam huyu alianza kusoma bila ya kuwa na karatasi ya kuandikia.

Jina lake ni Muhammad bin Idris. Alizaliwa Ghaza, Palestina, mwaka 150 Hijria (767), mwaka ule ule aliofariki Imam Abu Hanifa. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga. Mama yake, mjane asiye na kitu, akamchukua akiwa na umri wa kama miaka miwili, akahama naye mpaka Makka ili mtoto akulie kwa jamaa zake wa Kikureshi, nasaba yake isipotee.

Makka aliingizwa chuoni, lakini mama hakuwa na ada ya kumpa mwalimu. Mtoto akawa anashika kila wanachofundishwa wenzake, na mwalimu akiinuka kwenda kwenye shughuli zake, yeye hubaki akiwasomesha watoto. Mwalimu akaona msaada huo unamtosha, akaacha kudai ada. Akiwa na miaka 7 alikuwa amehifadhi Qur'ani, na akiwa na miaka 10 alikuwa amehifadhi Muwatta ya Imam Malik.

Tatizo la karatasi lilibaki. Alikuwa akiokota mifupa mipana ya wanyama na kuandika hadithi juu yake. Mfupa ukijaa huutia katika mtungi mkuukuu uliokuwapo nyumbani kwao. Pengine alikwenda kwenye afisi za serikali akaomba karatasi zilizokwisha kutumika, akaandika upande wa nyuma.

Habari hizi hazikutolewa na mahasidi wake. Ni yeye mwenyewe aliyewasimulia wanafunzi wake, alipokwisha kuwa Imam anayefuatwa na watu. Ni wangapi kati yetu, tukishapata cheo, tunataka ijulikane kuwa wazazi wetu walishindwa kulipa ada? Yeye hakuona haya, na mimi naona sababu ni kwamba hakuwa akihesabu umasikini wake, bali alikuwa akihesabu mara ngapi Mola wake alimtoa humo.

Alikwenda Madina akasoma kwa Imam Malik mpaka Imam huyo alipofariki mwaka 179 Hijria. Baada ya hapo alipata kazi Yaman, na hata nauli ya kumfikisha huko ilipatikana kwa kuweka rehani. Huko ndiko alikofikwa na msiba mkubwa. Mwaka 184 Hijria alisingiziwa kuwa anashirikiana na wanaotaka kumpindua Khalifa. Akafungwa minyororo pamoja na watu wengine, wakapelekwa mbele ya Harun Rashid. Wenzake waliuawa. Yeye alijitetea, na Muhammad bin Hasan Shaibani, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, akamsemea kwa Khalifa, akasalimika.

Hakurudi nyumbani mbio, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Alikaa akasoma kwa Shaibani huyo huyo, akanakili kwake vitabu vya kutosha mzigo wa ngamia. Aliyeingia Iraq na minyororo alitoka na elimu ya watu wa Iraq juu ya ile ya Makka na Madina aliyokuwa nayo, na elimu hizo mbili ndizo alizozikusanya katika madhehebu yake.

Mwaka 199 Hijria alihamia Misri. Huko aliiandika upya Risala, na wanafunzi wake, hasa Rabi bin Sulaiman, wakapokea kwake kitabu cha Al-Umm. Maradhi ya bawasiri yalimtoa damu nyingi, naye akaendelea kusomesha. Alifariki mwishoni mwa Rajab mwaka 204 Hijria (820), akiwa na miaka 54, akazikwa Misri. Kuba iliyo juu ya kaburi lake mjini Cairo ilijengwa mwaka 1211.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amrehemu na mama yake aliyemvusha jangwa, na yule mwalimu wa Makka aliyesamehe ada. Amin.