Kijana wa miaka 22 aliyepima chumvi ya damu

William Brooke O'Shaughnessy alizaliwa Limerick, Ireland, mwaka 1809, akasomea udaktari Edinburgh. Mwishoni mwa 1831 kipindupindu kiliingia Sunderland, Uingereza. Madaktari wengi walikuwa wanawatoa wagonjwa damu, na watu wakazidi kufa. Jamaa alikuwa na miaka 22 tu, umri wetu huu. Akaenda kule, akapima damu na choo cha wagonjwa. Kumbe damu ilikuwa imepungukiwa maji na chumvi, na chumvi hiyo ilikuwa imetokea kwenye kuhara! Waliokuwa hawapati mkojo, urea ilibaki ndani ya damu.

Akashauri maji na chumvi virudishwe mwilini. Mwaka 1832 Thomas Latta, daktari wa Leith, Scotland, akayapitisha kwenye mshipa, na baadhi ya waliokuwa wanakata roho wakapona. O'Shaughnessy mwenyewe alikwenda India, akajenga telegrafu, akafariki 1889.

Leo maabara ikikuandikia sodiamu, kawaida ni kama 135 hadi 145 mmol/L. Ukiharisha sana, figo huizuia, hivyo kwenye mkojo hushuka. Ndiyo maana vipimo hivi viwili husomwa pamoja.