Mervyn Cowie: Mwasisi wa mbuga aliyeelewa kuwa mtalii hajui mipaka

MERVYN Cowie, aliyeasisi mbuga za kitaifa za Kenya, alizaliwa jijini Nairobi mwaka wa 1909, wakati mji huo ungali kituo cha reli kilichozungukwa na nyika. Alisomea Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kisha akahitimu kuwa mhasibu.

Aliporejea nyumbani mwaka wa 1932, alikuta wanyama aliowazoea utotoni wamepungua mno. Serikali ya kikoloni haikushtuka. Ndipo alipobuni hila: aliandika barua gazetini kwa jina la bandia, akitaka wanyama wote waangamizwe. Wasomaji walighadhabika, na ghadhabu hiyo ikawa ndiyo sauti aliyoihitaji kuishawishi serikali.

Sheria ya mbuga ilipitishwa mwaka wa 1945. Mbuga ya Nairobi ilifunguliwa Desemba 1946, Cowie akiwa mkurugenzi, na Tsavo ikafuata mwaka wa 1948. Hata hivyo, sifa hizo zina upande wa pili. Wafugaji wa Kimaasai walizuiwa kulisha mifugo katika ardhi waliyoitumia kwa vizazi, nao hawakuwa na kauli katika maamuzi hayo.

Akiwa mhasibu, Cowie alifahamu kuwa mbuga bila wageni ni mzigo kwa hazina. Lakini mgeni alihitaji pia meli au ndege, reli, hoteli na barabara, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka wa 1948 kiliundwa Chama cha Utalii na Usafiri cha Afrika Mashariki, kilichoziunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar pamoja na wafanyabiashara wa sekta hiyo. Cowie alikitumikia akiwa makamu wa rais. Eneo zima lilitangazwa ng'ambo kama safari moja, huku Serengeti ikitangazwa kuwa mbuga mwaka wa 1951 na mbuga za kwanza za Uganda mwaka wa 1952.

Bonde la Ufa lilikuwa katikati ya safari hiyo. Mapema katika miaka ya 1960, Ziwa Nakuru, lenye sifa ya heroe, lilitengwa kuwa hifadhi ya ndege. Likawa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1968. Kufikia hapo Cowie alikuwa ameondoka. Mwaka wa 1966 alimwachia usukani Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Baadaye alihudumu katika shirika la matibabu la AMREF, lenye madaktari wanaosafiri kwa ndege. Alifariki Uingereza mwaka wa 1996.

Chama kile cha utalii hakikudumu. Baada ya uhuru, kila nchi iliunda chombo chake, na katikati ya miaka ya 1960 kikavunjika. Hasara ilidhihirika mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliposambaratika na Tanzania kufunga mpaka wake na Kenya. Mgeni aliyekuwa akivuka kutoka Maasai Mara hadi Serengeti akakatiziwa njia kwa miaka kadhaa. Ni mwaka wa 2014 tu ambapo Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutoa viza moja ya utalii.

Hata hivyo, ushirikiano wa serikali na makampuni hautoshi. Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret na Uganda, ni kielelezo. Mji huo umekuzwa na madereva wa malori wanaolala hapo, na jina lake limevuma zaidi kwa ajali kuliko kwa utalii. Magari ya watalii huupita bila kusimama, ilhali Ziwa Nakuru haliko mbali.

Cowie alifaulu kuwaketisha pamoja wenye mbuga, wenye hoteli na wenye vyombo vya usafiri. Waliokosa kiti ni wenyeji wa maeneo yanayopitiwa na wageni. Deni hilo aliliacha, na wanaopanga utalii wa eneo hili leo ndio warithi wake.